Jiwe Kitandani kwa Mama

Grand Bay, Carriacou
11 Februari 1996

Kaka Alban,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Merle, na mgongo wako unakupa nafasi ya kulala. Mimi nipo. Magoti yananisumbua, presha inapanda na kushuka ipendavyo. Mvua hatujaiona tangu Desemba, tangi limebaki maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na watu wameshafungulia mbuzi wao. Kutwa nashinda nikiwafukuza wa fundi Rufus kwenye mbaazi zangu. Ndiyo kiangazi chetu, hujakisahau.

Lakini sijakaa kuandika kwa sababu ya mbuzi.

Mama amekuja tena. Mara ya tatu mwezi huu. Nimemwota amesimama mlangoni na gauni lake la kanisani, limelowa mpaka magotini, akaniambia, "Ionie, miguu yangu imelowa. Mnangoja nini?" Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka jiwe lake la kaburi, na anataka wewe uwe wa kwanza kuingia na taa kwenye duara la ngoma. Unajua ndoto ya namna hii haibishiwi.

Asubuhi nikaenda makaburini Tibeau. Alban, bahari imekula mstari wote wa mbele. Kaburi la bibi yake jirani yetu Cosmo limekatika katikati. Kati ya Mama na maji zimebaki hatua kumi na nne. Nilizihesabu, nikarudi nikazihesabu tena.

Jiwe liko tayari, huu mwaka wa tatu. Limelala kitandani kwake, limefunikwa shuka nyeupe kama desturi, na anayebadilisha shuka ni mimi. Mwanamke wa miaka hamsini na nane anaishi na jiwe! Mama ana miaka tisa ardhini na bado hana jina juu yake. Jiwe halisimamishwi bila ngoma, ngoma haianzi bila wimbo wa kuomba radhi, na wimbo wa kuomba radhi tutaimba nini kama mtoto wa kwanza hayupo kupiga magoti? Hayo sikuyatunga mimi. Wewe ni wa kwanza na mimi wa mwisho, katikati hakuna mtu.

Njoo Aprili, kabla ya mvua na vimbunga. Siku tano zinatosha.

Dada yako,
Ionie

~

Huddersfield
9 Machi 1996

Ionie mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona mwandiko wako bado umenyooka. Mimi ni mzima wa kuonekana kwa nje. Merle anakusalimu sana. Amefanyiwa upasuaji wa nyonga na anatembea na fimbo mbili, kwa hiyo kupika, kufua, kupandisha ngazi na kushusha, yote yangu. Natoka kiwandani miguu imekuwa magunia, nafika nyumbani naanza zamu nyingine.

Pole na kiangazi. Kuhusu Mama, hata alipokuwa hai hakukosa la kulalamikia, au umesahau? Mwambie avumilie kidogo. Mwaka huu siwezi. Merle haachiki.

Halafu kuna jambo nataka unielewe. Sitaki karamu ya Mama ifanyike kwenye ule ua mdogo, watu wamebanana na masufuria. Nataka iwe kwangu, kwenye nyumba mpya ninayojenga huko, wageni wakae barazani waone kwamba watoto wa Vida Quashie hawakulala. Rufus amefika wapi? Mwambie apandishe ukuta wa juu, na plasta aweke nzito, upepo wa upande ule una chumvi nyingi. Ikishaisha tu, nakuja.

Nimetuma pipa. Kuna mchele, sabuni, viatu na koti la Merle ambalo halimtoshi tena.

Kaka yako,
Alban

~

Grand Bay
2 Juni 1996

Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi, na namwombea nyonga yake ipone. Mimi sijambo yangu ni ya mdomoni tu. Pipa limefika, asante. Koti la sufu, Alban? Kisiwa hiki? Nimemfunika nalo punda.

Lakini pipa halipigi magoti.

Zimebaki hatua tisa. Dukani wananiuliza, "Ionie, jiwe la mama yako bado limelala?" halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nikianza kulia nani atanibembeleza? Bi Titine, ambaye ndiye peke yake aliyebaki anayejua kuongoza wimbo wa radhi kutoka mwanzo mpaka mwisho, amelazwa mara mbili. Juzi nimempelekea supu akaniambia, "Mwambie huyo kaka yako mimi simsubiri. Nina safari yangu." Wapiga ngoma wenyewe ni wale wale watatu, na mmoja mkono unatetemeka. Akiondoka Titine, nani atamfungulia Mama ngoma? Kwanza apigiwe ngoma ya taifa la Kromanti, inayotangulia zote, halafu ya Kongo, taifa la mababu zake Mama kutoka Afrika. Vijana hawa wanataka redio.

Nyumba yako inakwenda. Ukuta wa juu umefika madirishani. Rufus anasema plasta nzito inataka mchanga, lori kumi. Nimemwambia achukue anakojua yeye, sina nguvu ya kubishana na fundi. Mimi nakwenda nyumba ile kila siku kumwagilia saruji, narudi kwangu, nabadilisha shuka ya jiwe. Nina kazi mbili na zote si zangu.

Dada yako,
Ionie

~

Huddersfield
17 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila Jumapili nilitaka kuandika, kila Jumapili nikalala kwenye kiti.

Nimekata tiketi. Jumamosi tarehe 5 Aprili nashuka Lauriston kwa ndege ya mchana kutoka Grenada. Waambie wapiga ngoma, mwambie Bi Titine asife. Nyumba ikiwa tayari, sawa, isipokuwa tayari, basi kwenye ua.

Merle anatembea vizuri sasa.

Kaka yako,
Alban

~

Grand Bay
20 Aprili 1997

Alban,

Sikuulizi hali. Ungekuwa mgonjwa Merle angepiga simu kwa Rufus, na simu ya Rufus inafanya kazi.

Nilikuwa Lauriston tangu saa nne. Unakumbuka barabara inavyokatiza kiwanja cha ndege pale. Ndege ikija mlinzi anafunga geti na magari yote yanangoja. Nimesimama pale getini nimevaa kofia ya Pasaka, madereva wanapiga honi, wananitania, "Ionie, leo bwana harusi anakuja?" Ndege ikatua. Wakashuka watu saba. Wa mwisho alikuwa padri. Nikamwuliza padri wa watu, "Hakuna mwingine humo ndani?" Akarudi kuchungulia, masikini, kwa heshima tu.

Nimechinja kondoo wawili na mbuzi. Wanawake wa Grand Bay wote wamesonga ugali wakauviringisha madonge, mbaazi zimeiva, samaki wamekaangwa. Nilichoka mpaka nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani: niliwatilia chumvi wafu. Nilikuwa nakoroga ile sufuria yao isiyotiwa chumvi, mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo. Bi Titine, ambaye tulimleta amekalishwa kwenye kiti, akapiga kelele, "We Ionie! Unataka wasije?" Nikamwaga kila kitu nikaanza upya. Kwa ajili yako.

Chakula walikula watu, kwa sababu nyama hairudi kwenye kondoo. Sahani ya wazazi waliotangulia ilikaa mezani mpaka asubuhi bila ngoma. Wapiga ngoma walikwenda nyumbani, ngozi hazijapashwa hata moto. Titine akaomba arudishwe kwake, na hapo ndipo nilipoona aibu.

Sasa soma hili polepole.

Jumatatu nimekwenda Tibeau kumwomba Mama samahani. Nimekuta lori la Rufus limerudi kinyumenyume mpaka mchangani, wanaume wanne na makoleo. Nikamwambia, "Rufus, huoni makaburi?" Akasema, "Nayaona, Bi Ionie, lakini mchanga mzuri uko hapa, na ni karibu." Nikamuuliza, "Na huu ni wa nani?" Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Si wa kaka yako? Wote wa kaka yako. Wa ukuta, wa sakafu, wa plasta. Ulisema nichukue ninakojua."

Miaka yote hii, Alban. Ule mchanga ndio uliokuwa unaizuia bahari. Tumeuchota tukauweka ukutani, wewe kwa barua na mimi kwa mdomo wangu. Halafu nikakaa hapa nikiilaumu bahari.

Zimebaki hatua sita.

Ionie

~

Huddersfield
28 Mei 1997

Ionie mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka Merle akanipokonya akaisoma yeye, kisha akanihamishia kwenye sofa siku mbili. Kwa hiyo afya yangu ni hiyo.

Nilikwenda uwanja wa ndege. Nataka ujue hilo. Nilikuwa na sanduku, na rangi ya dhahabu ya kuandikia jina la Mama. Niliketi pale wakaniita jina langu kwenye spika mara tatu, "Bwana Quashie, Bwana Quashie," na mimi namsikiliza huyo Bwana Quashie kama mtu mwingine. Ndege ikaondoka. Nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Wimbo ule wa radhi unamtaka mtu aseme kosa lake moyoni mbele ya waliotangulia. La kwangu nalijua. Mama alipokufa niliwaambia ninyi kwamba kiwandani wamenikatalia ruhusa. Uongo. Ruhusa nilipewa, na nauli nilikuwa nayo mkononi. Nikafikiri, ameshakufa, nikienda nitafika amezikwa, nitarudi mikono mitupu. Nikanunua saruji. Msingi wa ile nyumba ndiyo mazishi ya Mama niliyoyakosa. Nimekaa na jambo hili miaka kumi na kila ukuta ulivyopanda nilijidanganya kwamba namjengea yeye.

Sasa nisikilize. Ivunje. Ukuta wa juu, wa chini, baraza, vyote. Sitaki kitu kisimame. Mwambie Rufus kifusi chote akipange mbele ya Mama, pale pale alipochota. Najua atabisha. Mwambie ni mimi nimesema, na mwonyeshe barua hii.

Sijui kama nitaweza kuja. Sitakuahidi tena.

Alban

~

Grand Bay
3 Novemba 1997

Kaka Alban,

Poleni na baridi. Wifi nimemwombea. Mimi niko hai, nimekonda, na bora nikueleze mambo kwa mpangilio, maana kichwa changu hakishiki vizuri.

Tumeivunja. Rufus alilia, nakwambia kweli, mwanaume mzima na nyundo mkononi, "Bi Ionie, kona hii nimeipima mara nne!" Dukani wakapata la kusema: nyumba ya Alban imehamia pwani, atapangisha kwa kaa. Tumepanga matofali mbele ya Mama kwa wiki tatu. Rufus hakutaka malipo ya kuvunja.

Yamezuia Agosti yote na Septemba yote. Halafu mwisho wa Oktoba kimbunga kimepita mbali huko, sisi hatukuona hata wingu, yakaja mawimbi tu, siku tatu. Matofali yako hayakuondoka. Bahari ilizunguka ubavuni.

Alfajiri ya siku ya tatu tulikwenda mimi, Rufus, Cosmo na wengine wanne. Jeneza lilikuwa limefunguka upande wa miguu. Nilishuka mimi. Wanaume walitaka kunizuia, nikawaambia huyu ni mama yangu, nimemwogesha akiwa mgonjwa, nitamwogesha na sasa. Nimemwosha kwa pombe yetu ile kali, ile ambayo barafu inazama ndani yake, na nimemfunga kwenye shuka iliyokuwa imefunika jiwe. Alikuwa mwepesi sana. Tumempandisha mlimani Belair, kwenye shamba la babu, tumemzika pembeni ya mahindi. Hapo bahari haifiki.

Sasa na mimi nina langu.

Sikumwota Mama. Hata siku moja. Ile ndoto ya gauni na miguu iliyolowa niliitunga mezani nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu nilijua ndoto huwezi kuikataa. Amewatembelea watu kijiji kizima, Titine, Cosmo, hata Rufus amemwota anamdai kuku. Mimi niliyebaki naye, hakuja. Nimelala chumba cha pili miaka yote hiyo nikimngoja. Sijui nilimkosea nini.

Kwa hiyo sikuiti tena kwa jina la Mama. Mama ameshapata mahali pake. Mimi Ionie ndiye ninayekuita. Nimechoka kuwa watoto wote wa Mama peke yangu.

Jiwe litasimama Jumamosi tarehe 14 Februari, uwepo usiwepo. Titine ameapa atafika siku hiyo, hata kwa kubebwa.

Dada yako,
Ionie

~

Huddersfield
7 Desemba 1997

Ionie,

Nakuja. Natua tarehe 11 Februari. Merle anasema ananisindikiza mpaka mlango wa ndege na hatatoka pale mpaka aione imepaa.

Usije uwanjani. Nitapanda basi kama watu wengine.

Kaka yako,
Alban

~

Huddersfield
8 Machi 1998

Mdogo wangu Ionie,

Nimefika salama, wiki ya tatu hii, na mafua yamenipokea. Merle amefurahia chupa ya dawa ya kuchua nyonga uliyompelekea na anakushukuru. Kiwandani wamenipa barua ya kustaafu mwezi wa tano, na sijui nitafanya nini na mikono yangu.

Hatukuagana vizuri, na kosa si lako. Siku tano tumeongea habari za mbuzi na tangi. Niliogopa kuanza, na wewe ulikuwa na watu mia wa kulisha.

Nataka niseme hili mara moja, halafu nisikusumbue tena. Jioni ile niliingia kwenye duara na taa yangu, nikapiga magoti, Titine akaanza. Nilisema kosa langu. Sauti yake ilikuwa imepasuka lakini kila neno lilikuwepo. Nikafumba macho nikakungoja. Nilijua desturi: wa kwanza akishapiga magoti, mdogo anamfuata, anakaa ubavuni kwake, na ndipo watu wanajua familia imesameheana. Niliacha nafasi mkono wa kulia. Ngoma zikaisha, nikafungua macho, nafasi iko vile vile. Nikakutafuta, nikakuona jikoni unageuza nyama.

Sikulaumu. Miaka thelathini na tatu niliyokuachia kila kitu haiwezi kwisha kwa wimbo mmoja. Ni haki yako, na nimeielewa. Nilitaka tu ujue kwamba nimeelewa. Jiwe ni zuri. Nitakuwa natuma pipa kama kawaida, na sitakuomba neno lolote juu yake.

Alban

~

Grand Bay
29 Machi 1998

Kaka yangu Alban,

Salamu nyingi kwako, salamu nyingi kwa wifi Merle. Mimi mzima, Rufus mzima, Cosmo mzima. Bi Titine tumemzika Jumatano. Alikwenda amelala, na sauti yake ile ya mwisho aliimalizia kwetu.

Alban, mjinga wewe. Mzee mzima na mjinga.

Ni kweli nilikuwa nimeapa siingii. Nimeapa mbele ya wanawake wote jikoni, na mwiko mkononi: apige magoti peke yake, ajue upweke ulivyo. Nimesimama mlangoni nikuangalie unavyoaibika. Ukavua viatu kama inavyotakiwa, ukapiga magoti, na soksi yako ya kushoto ina tundu kwenye kisigino, kisigino chote kiko nje, cheupe kwa ukavu. Sijui kwa nini. Hasira yote ikanitoka pale. Nilimwona mtoto aliyekuwa akinibeba mgongoni kunipeleka shule, amezeeka, na hakuna aliyemwambia soksi yake imetoboka.

Nikaweka mwiko chini nikaingia. Ubavuni sikuweza kufika; mpiga ngoma wa katikati alikuwa amenyoosha miguu yake, na ningemwangusha. Nimepiga magoti nyuma yako, karibu kabisa, ningeweza kuigusa ile soksi. Titine aliniona. Ule ubeti alioimba mara mbili, ulifikiri amesahau? Aliurudia kwa ajili yangu. Nililia mpaka nikashindwa kuinuka, Cosmo ndiye aliyeninyanyua. Halafu mtu akaita kwamba nyama inaungua, nikakimbia.

Nilidhani umenisikia. Haki ya Mungu nilidhani unajua. Siku zile zote zilizobaki nilikuwa naongea habari za mbuzi kwa sababu kwangu mimi yalikuwa yamekwisha, sikuwa na kinyongo tena cha kuzungumzia. Na wewe ulikuwa umekaa pale mezani kwangu, unakula chakula changu, umehukumiwa na nani?

Muulize Cosmo. Muulize mtu yeyote wa Grand Bay, walituona wote isipokuwa wewe. Nilikusamehe Jumamosi tarehe kumi na nne Februari, saa kumi na mbili kasorobo jioni, mikono yangu ikinuka vitunguu. Niandikie upesi uniambie umesoma.

Dada yako,
Ionie